Senta hapimwi kwa futi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu iliyosema Hasheem Thabeet, senta wetu Mtanzania (senta ni mchezaji wa kikapu anayelinda chini ya goli), alikwama NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kwa uvivu, kisha ikawashauri makocha wa Mtwara na Lindi watafute vijana warefu tu, imenichoma.

Timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009, Thabeet alichaguliwa wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Chuoni Connecticut aliruhusiwa kusimama chini ya goli muda wote, na msimu wake wa mwisho alizuia wastani wa mitupo 4.2 kwa mchezo. NBA ina sheria nyingine: mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu hakai eneo la rangi, lile lililochorwa mbele ya goli, zaidi ya sekunde tatu. Inabidi atoke, arudi, atoke tena, kwa hatua za pembeni, magoti yamekunjwa. Hiyo ni kazi ya nyonga na visigino, na mwenye futi 7 na inchi 3 asiyefundishwa hatua hizo hufika amechelewa, akala faulo. Februari 2009, Thabeet akiwa bado chuoni, mpinzani DeJuan Blair, mfupi kwake kwa sentimita 20 hivi, aliokota ribaundi 23 (mipira iliyokosa goli) mbele yake kwa sababu aliwahi kuweka kiuno, yaani kumkinga kwa mwili asiufikie mpira. Aliye chini ndiye anayemsukuma aliye juu. Huo ni uvivu? Mbona hamkuandika kwamba Dikembe Mutombo, senta wa Kongo, naye alichelewa kuanza kikapu, akacheza NBA misimu 18 na kuzuia mitupo 3,289? Tofauti ni kwamba chuoni Georgetown Mutombo alimkuta John Thompson, kocha aliyekuwa senta mwenyewe, mchezaji wa akiba wa senta maarufu Bill Russell kule Boston, na mazoezini alipambana na senta mwenzake Alonzo Mourning. Senta hutengenezwa na mwalimu na mpinzani wa kila siku.

Katika mchujo wa shule hapa mkoani, kijana mrefu kuliko wote aliambiwa anyanyue mikono tu. Robo ya pili haijaisha, ana faulo nne. Mikono ilikuwa sawa kabisa. Aliruka kwenda mbele badala ya kupanda wima, akawaangukia wanaotupa mpira golini. Hakuna aliyemsahihisha. Inauma.

Na viwanja je? Upepo wa bahari unakula boliti, ringi inainama, na kijana anazoea goli la mita 2.90 wakati sahihi ni 3.05. Akifika Dar es Salaam kila anachokijua kinamponyoka. Baadhi ya viwanja bado vina lile eneo la rangi lililotanuka kwa chini, ambalo FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ililiacha mwaka 2010 na kuweka mstatili wa mita 4.9 kwa 5.8. Mtoto anajifunza kusimama pasipo pake.

Naomba wahusika wanunue boliti zisizoshika kutu, kopo la rangi ya lita 4 na futi kamba ya mita 10. Kila kijana mrefu atumie dakika 20 za mwanzo wa mazoezi akimzuia mfupi mwenye nguvu, mikono nyuma ya mgongo, miguu pekee ikifanya kazi, kabla hajagusa mpira. Nanyi gazetini, mkiandika habari ya senta, andikeni faulo na ribaundi zake kabla ya urefu wake.

Mfundishaji wa kikapu,
Shangani, Mtwara