Yah: Malalamiko kuhusu safari ya pwani ya Norway na hiyo bili ya feri mliyotutumia

Ndugu Meneja,

Salaam, natumai mko salama na kazi zinaenda. Naandika kwa niaba ya kundi letu lote la safari ya Juni. Nimesubiri hasira zipoe kwanza maana wenzangu walitaka tuje ofisini kwenu siku ile ile invoisi ilipoingia kwenye simu zetu. Hazijapoa sana ila nitajitahidi kuongea kistaarabu.

Nianze na hiyo invoisi. Mnatudai nyongeza ya feri na ushuru wa barabara, wakati tangazo lenu, skrinshoti ninayo hapa, limeandikwa "feri zote ndani ya bei" na alama ya tiki ya kijani mkaweka. Barabara ya Fv17 kutoka Steinkjer mpaka Bodø ni kama kilomita 650 na ina vivuko sita, hivyo vivuko havijachimbwa juzi, mnaiuza safari mnavijua. Lakini hata hilo ningelimeza. Kinachonichoma ni kwamba kwenye orodha kuna Kilboghamn kwenda Jektvik, nauli ya gari pamoja na abiria. Gari lipi? Ile feri tumeipanda kwa miguu yetu tunaburuta mabegi, gari lenu likageuza likaondoka zake. Yaani mnatudai nauli ya gari mlilotushusha!

Kama kuna mtu hapo juu hajaambiwa basi ilikuwa hivi. Tumefika Kilboghamn jioni, manyunyu na upepo wa baharini, kijana wenu anayeongoza safari akaenda pembeni na simu weee, akarudi anasema gari linatakiwa Mo i Rana kuna kundi lenu lingine la kuchukua, sisi tuvuke tu kama abiria wa miguu, ng'ambo gari lingine linatusubiri. Yeye mwenyewe akabaki na dereva. Tumefika Jektvik hakuna gari. Pale sio mjini jamani, ni gati na nyumba chache na milima, magari yaliyokuwa kwenye feri yakashuka yakapotelea, feri nayo ikarudi ilikotoka, tukabaki sisi na mabegi yetu. Nikapiga namba yenu ya dharura ya masaa 24, nikajieleza vizuri tu kwa adabu, nikajibiwa: "Huko si jua halizami dada, sasa mnaogopa nini?" Na kicheko juu.

Sera yenu ya kurudisha hela mnaijua wenyewe, mliiandika nyie, siwezi kuanza kuwasomea. Nataka mniambie tu kipengele gani kinaruhusu abiria kuachwa gatini.

Na msidhani kabla ya hapo mambo yalikuwa mazuri. Vani iliyokuja kutuchukua Trondheim haikuwa na pa kuweka mizigo, tumesafiri mabegi mapajani, ukitaka kunyoosha mguu unamuomba ruhusa mtu wa siti ya tatu. Torghatten, ule mlima wenye tundu upande mpaka upande, tundu lenye urefu wa mita kama 160, mlituahidi tutapanda mpaka tulipite kwa miguu. Tumeuona dirishani. "Muda hautoshi", lakini muda wa kusimama kituo cha mafuta kijana wenu apige stori na simu ulikuwepo. Halafu mnajua kwamba kwenye hiyo feri ya Jektvik ndipo unapovuka mstari wa Aktiki, kuna tufe la chuma limewekwa ufukweni kuonyesha, ndio picha mliyoiweka kwenye tangazo, ndio iliyotufanya tulipie. Hakuna hata mmoja wetu aliyelipiga picha. Tulikuwa chini tunahesabu mabegi na kuulizana hilo gari la ng'ambo ni la rangi gani, maana hata namba ya gari hamkutupa.

Niseme ukweli, nchi yenyewe haina kosa. Kwenye lile daraja refu la Helgeland karibu na Sandnessjøen watu wazima walinyamaza wenyewe. Ndio maana inauma zaidi, mtu amedunduliza hela, amehangaika na viza ya Schengen, halafu anakuja kuharibiwa na watu wa nyumbani kwao.

Narudi kwenye ile simu, kwa sababu najua mtaniambia ni "changamoto ya mawasiliano". Niliweka spika, wote wakasikia. Dada yetu aliyefanyiwa upasuaji wa goti, ambaye mlijua kabla, fomu ya afya mlimjazisha wenyewe, alikuwa amekaa juu ya sanduku amenyoosha mguu, tumemfunga mfuko wa plastiki gotini mvua isiingie kwenye bandeji. Mkongojo wake umebaki kwenye vani yenu. Mimi naongea, nasema kuna mgonjwa hapa, na nyuma ya mtu wenu nasikia mpira unaangaliwa na mtu anauliza "chipsi mayai ya nani hii?" Namba ya dharura hiyo. Nikarudia kusema kuna mgonjwa. Ndipo akasema, na nalinukuu tena ili likae kwenye faili lenu, "Huko si jua halizami dada, sasa mnaogopa nini?" na aliyecheka wala sio yeye, ni wale wa pembeni, maana yake na sisi tulikuwa tumewekwa spika, tumegeuzwa maigizo ya kusindikizia chipsi. Simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Yule dada hakulia wala hakusema kitu, alivuta kofia ya koti akajifunika uso. Mimi hilo sitawasamehe.

Na ndiyo, jua halizami huko mwezi huo, asante kwa elimu. Lakini mwanga haukaushi nguo na haubebi mgonjwa.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa pale pale alikuwa anafunga boti yake, akaja akatuuliza Kinorwei, akaona hatuelewi akahamia Kiingereza. Akampeleka mgonjwa kwanza, akarudi kutuchukua wengine kwa awamu mpaka kwenye nyumba ya wageni, akakataa hela. Malazi ya usiku ule tumelipa wenyewe, kwa bei za Norway, risiti nimeambatanisha. Gari lenu limekuja kesho yake mchana, hakuna pole, hakuna samahani, dereva mpya anauliza tu "mko tayari?" Boti ya kuvuka Holandsfjorden kwenda kwenye barafu ya Svartisen imetupita, barafu tumeiangalia kutoka barabarani ng'ambo ya maji. Hiyo nayo mlishalipisha.

Sijamaliza. Saltstraumen. Mimi nimekulia Tanga, kupwa na kujaa sihitaji kuelezewa na mtu. Ule mkondo unakuwa mkali kwa sababu bahari nzima inalazimishwa kupita kwenye mlango wa maji wa mita 150 tu, na kila baada ya kama masaa sita unageuka, na unapogeuka kuna muda maji yanatulia. Ratiba yake inajulikana mapema, ipo intaneti, mtoto wa shule anaiangalia. Nyie mkatufikisha maji yametulia kama ya kwenye ndoo. Tumesimama darajani tunatazama ndege. Tukamwambia dereva tusubiri yaanze kwenda, akasema ana kundi Bodø. Kila mahali kuna kundi. Kwani sisi tulikuwa nani?

Sasa tunachotaka. Nilipoanza kuandika barua hii tulikuwa tumekubaliana mfute invoisi, mturudishie hela ya malazi ya Jektvik na ya boti ya Svartisen, na muombe radhi kwa maandishi, basi. Nimeisoma upya hiyo sehemu ya simu na kuituma kwenye grupu letu la wasapu, na wenzangu wamesema hapana. Kwa hiyo mtafuta invoisi na mtarudisha nusu ya hela ya safari kwa kila mmoja. Na radhi iwe kwa jina la yule dada, iletwe na mtu mwenye cheo, sio imeili ya "ndugu mteja tunathamini maoni yako".

Mkikaa kimya kama mlivyokaa kwenye imeili zetu zilizotangulia, siku saba zikipita hatudai nusu tena, tunadai yote. Malalamiko yetu yameshaandikwa kwenda Tume ya Ushindani, yanasubiri tarehe tu, na kwenye kundi letu kuna mwanasheria, yule kaka mpole aliyekaa siti ya nyuma kabisa kijana wenu akawa anamuita "mzee wa mabegi". Tangazo lenu tunalo, fomu ya afya tunayo, risiti tunazo, na ile simu mmoja wetu alikuwa anarekodi video ya gati, sauti imeingia yote mpaka chipsi mayai. Bado hatujaiweka popote. Bado.

Naomba pia kundi mnalolipeleka mwezi ujao mliambie mapema kwamba hiyo feri ya Jektvik wajiandae kuipanda kwa miguu, au mkishindwa kuwaambia tutawaambia sisi.

Wenu,
Kwa niaba ya kundi la Juni

NB: Mkongojo bado mnao. Uletwe ofisini kwangu kabla ya Ijumaa, na anayeuleta msimtume na bili.