Pedi isikae panapouma

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi, shoga. Umeuliza kwa nini pedi, kile kijimto cha unyayo ulichobandika ndani ya kiatu, imezidisha maumivu ya mbele ya unyayo. Ni kwa sababu umeibandika palepale panapouma. Ikikaa chini ya vichwa vya ile mifupa mitano mirefu ya unyayo, yaani ncha zake pale inapokutana na vidole, inasukuma kilekile kinacholia. Inatakiwa iwe nyuma yake, uzito upokewe na mashina ya mifupa kabla haujafika kwenye vichwa.

Ibandue. Bonyeza unyayo kwa kidole gumba mpaka upate doa linalouma kuliko yote, lipake lipstiki, vaa kiatu bila soksi na utembee hatua chache. Rangi itabaki kwenye soli ya ndani. Sasa weka pedi ya unene wa milimita 5 hivi, ukingo wake wa mbele uwe milimita 5 hadi 10 nyuma ya alama, kuelekea kisigino. Ishike kwa utepe kwanza, gundi ingoje. Ukihisi umekanyaga kokoto, imekaa mbele mno au ni nene mno: irudishe nyuma milimita 2, ujaribu tena. Siku ya kwanza ivae saa moja tu, kisha uongeze kidogokidogo. Ipe wiki 4 hadi 6 kabla ya kuihukumu.

Lakini umejiangalia vizuri? Sugu chini ya kidole cha pili na cha tatu ni dalili ya mgandamizo, na hapo pedi inafaa. Moto na ganzi kati ya kidole cha tatu na cha nne, vinavyozidi ukiubana mguu pande zote mbili, mara nyingi ni neva. Kiatu chembamba ndicho adui wa kwanza. Maumivu chini ya kidole gumba huweza kutoka kwenye vifupa viwili vidogo kama njegere, navyo vinataka soli iliyokatwa tundu chini yao. Ukiona uvimbe juu ya mguu na mfupa mmoja unauma ukiguswa, acha pedi, nenda hospitali, huenda mfupa umepata ufa. Eksirei ya wiki mbili za mwanzo inaweza kutoka safi na ufa upo.

Viatu vyako vile vyembamba, samahani, havifai. Pedi nayo inakula nafasi, hivyo kiatu kinachobana kitabana zaidi. Chomoa soli ya ndani, isimamie jioni mguu ukiwa umevimba kidogo: vidole vikimwagika nje ya ukingo, kiatu hicho si chako. Mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe gumba, iachwe sentimita moja. Kisigino kisizidi sentimita 3. Kunja kiatu kwa mikono: kikunjike kwenye vidole tu, tena kwa shida. Kinachokunjika katikati kama kitambaa kirudishe dukani.

Na kigimbi chako kikiwa kimekaza, kisigino huinuka mapema na mzigo wote huhamia mbele. Egemea ukuta, goti limenyooka, sekunde 30 mara 3 kila mguu, kila siku.

Mama naye asinakili haya. Ana kisukari, na mguu uliokufa ganzi haumwambii kwamba pedi inamchubua. Kwanza apimwe hisia za nyayo kwa ule uzi wa nailoni unaopinda ukigandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, na nyayo zake zikaguliwe kila jioni.

Wako,
Rehema