Tuzo za mawasiliano ya kilimo zimfikie mkulima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mashindano ya tuzo za kazi za mawasiliano na masoko ya kilimo. Ninaandaa vipindi vya wakulima katika redio ya jamii hapa Masasi, na mwaka jana nilijaza fomu ya shindano mojawapo kwa mara ya kwanza.

Nilipeleka kipindi cha dakika 15 kuhusu kuanika korosho. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unakwenda ghala kuu, ndipo unapigwa mnada. Korosho isiyokauka inashushwa daraja au inakataliwa, na mwenye gunia anarudi nyumbani akiamini ameonewa. Basi tulikwenda uani kwa mama mmoja tukarekodi korosho iliyoanikwa siku moja ikimiminwa kwenye debe, kisha iliyokauka sawasawa. Ya kwanza inaanguka pu, kama udongo. Ya pili inalia kama kokoto. Mama akabonyeza moja kwa ukucha wa kidole gumba, haikubonyea, akasema: "Hii sasa peleka." Wiki iliyofuata katibu wa AMCOS akatuambia watu wanatikisa korosho zao kabla ya kupanga foleni ya mzani.

Sasa fomu. Ilitaka muhtasari kwa Kiingereza, idadi ya wafuasi mitandaoni, gharama za kampeni na picha za mabango. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kueleza mkulima alifanya nini baada ya kusikia. Niliambatisha barua ya katibu yenye mhuri. Nikajibiwa kwamba kiambatisho hicho hakihitajiki. Sina kinyongo na walioshinda, kazi zao nilizitazama na ni nzuri. Lakini barua ile ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu wote.

Waandishi wa habari wana tuzo za EJAT zinazosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania, na habari za kilimo zina kundi lake humo. Hilo ni jambo la kushukuru. Ila bwana shamba anayechora bango la ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, kwa mkono, au karani wa ushirika anayetuma ujumbe wa bei ya mnada kwenye simu za wanachama usiku uleule, si mwandishi wa habari. Hawa nao wanafanya mawasiliano ya kilimo, tena karibu kabisa na shamba.

Nawaomba waandaaji wapokee fomu kwa Kiswahili, na wakubali ushahidi kutoka AMCOS au serikali ya kijiji. Katika jopo la majaji aketi walau mkulima mmoja, maana yeye ndiye anayejua kama tangazo limeeleweka. Na tarehe ya mwisho isiangukie Oktoba na Novemba, wakati sisi wa kusini tuko ghalani mchana kutwa na simu haziachi kulia.

Mwaka huu nitashiriki tena. Kipindi kipya kinahusu upuliziaji wa salfa, dawa ya ubwiriunga, na barua ya katibu nitaiambatisha vilevile.

Mwandaaji wa vipindi vya wakulima,
Masasi, Mtwara