Tsuru Aoki naye alikuwepo

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu waigizaji wa Kiasia Hollywood, na nina ugomvi nayo kidogo. Mwandishi kaanza na Bruce Lee, kana kwamba kabla yake palikuwa jangwa. Miaka hamsini na zaidi nyuma, enzi za sinema bubu, Sessue Hayakawa, Mjapani wa Chiba, alikuwa staa mkubwa Marekani.

Kilichompandisha ni The Cheat ya mwaka 1915, ya mwongozaji Cecil B. DeMille. Humo yeye ni Tori, tajiri wa Kijapani anayezipiga mali zake muhuri wa moto. Mwanamke wa Kizungu aliyemkopa anapotaka kujitoa kwenye ahadi yake, Tori anamchoma muhuri uleule begani, kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Wajapani wa Marekani walikasirika, na walikuwa na haki. Basi filamu iliporudi kumbini 1918 kikabadilishwa nini? Maandishi ya kwenye skrini tu: Tori akapewa jina jingine, akawa Mburma. Kimono palepale, milango ya karatasi ya Kijapani palepale! Nimeitazama kwenye simu mara tatu na kila mara hapo nacheka.

Mwaka huohuo Hayakawa akafungua kampuni yake ya filamu, Haworth, apate kuchagua mwenyewe nafasi za kucheza.

Lakini kinachoniuma hasa ni mkewe, Tsuru Aoki. Hata wanaomkumbuka Hayakawa, huyu humtaja kwa neno moja: mke. Mama huyu aliingia Marekani mtoto, 1899, na kundi la maigizo la jamaa zake, akalelewa na mchoraji wa Kijapani, na 1913 tayari alikuwa anacheza filamu, Hayakawa bado. Katika The Wrath of the Gods ya 1914, iliyotengenezwa mara tu baada ya Sakurajima, mlima wa volkano wa Japani, kulipuka, Aoki ndiye binti mhusika mkuu, na Hayakawa kazeeshwa kwa vipodozi anacheza baba yake. Walioana mwaka huohuo!

Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, aanzie The Dragon Painter ya 1919, wanapocheza wote wawili na milima ya Yosemite, kule California, imefanywa Japani. Na safari hii picha ya juu ya ukurasa iwe ya Aoki.

Msomaji wenu,
Tanga