Asante kaka wa boda wa Mbagala
Jamani nisaidieni kumfikishia shukrani kaka wa boda wa Mbagala Rangi Tatu, jina sikupata maana aliondoka fasta. Mi ni mhudumu wa afya ya jamii, kuna bibi namtembelea ana dimensia (ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), jioni ndo anachanganyikiwa zaidi anataka kwenda kwao Kilwa kwa mama yake, na mama alishafariki kitambo. Sasa juzi katoka na kanga moja, ndala mguu mmoja, watu washaanza eti mchawi (ugonjwa wa ubongo huo, dah), kaka akamwambia bibi panda nikupeleke Kilwa, akazunguka nae taratibu huku anaulizia bibi anakoishi hadi akamfikisha getini kwake. Hela kakataa. Helmeti yako imebaki, pitia uichukue, watoto wa bibi wanakusubiri.