Mhariri, mtuambie pia ya ndani ya ndege

Mhariri, salaam kutoka Ukunda. Juzi gazeti lenu liliweka ile makala ya utalii wa Diani na picha ya dada mmoja yuko angani, dole gumba juu, mdomo wazi, chini bahari ya buluu mpaka raha. Picha safi sina neno. Lakini mimi ni dereva wa tuktuk hapa, hawa watu wa kuruka na parachuti nawabeba sana kutoka mahotelini mpaka kiwanjani, na kuna siku wakanipandisha juu nikaone kazi yao, si kuruka, kukaa tu ndani ya ndege na kurudi nayo. Sasa nawaambia nyinyi waandishi mnaandika kipande kifupi mnaacha kirefu. Kuanguka kwenyewe kutoka futi 10,000 mpaka mwavuli ufunguke ni nusu dakika hivi. Kupanda huko na kile kisesna, kindege kidogo cha injini moja, ni karibu nusu saa, na vituko vyote viko huko.

Vinaanzia kwa mizani. Lazima wajue kilo za kila mtu, ndege yenyewe ndogo halafu mtu wa mara ya kwanza anafungwa na mwalimu wake kwa mwavuli mmoja na huo mwavuli una kiwango chake, hilo naelewa. Lakini hebu wewe mpandishe mama wa watu kwa mizani mbele ya mumewe na vijana wa kamera, halafu namba isomwe kwa sauti kubwa. Siku hiyo kulikuwa na bwana na bibi kutoka Nairobi, wako fungate, dada akavua ndara, akavua saa, akavua mpaka bangili, namba ikakataa kushuka, akasema basi hii mizani ni ya mahindi. Mumewe akacheka. Asingecheka, utaona.

Ndani hamna viti, kiko kimoja tu cha rubani. Wengine ni sakafuni, miguu mmetanua, mnapangwa kila mtu katikati ya mapaja ya mwenzake mmeangalia mkiani. Na sisi Pwani hata kwa matatu ukikalishwa na mkwe unatafuta mfuko uweke katikati! Bibi yuko mapajani kwa mzungu mwalimu wake, bwana yuko mapajani kwa mwalimu mwingine mzungu mwenye ndevu, wanatazamana. Mimi nimebanwa kwa kona huku nyuma sijui niangalie wapi, nikaangalia dirishani, kisiwa cha Chale kile pale, mwamba ule pale, Shimba Hills kule, nikamaliza vyote na bado tuko futi 3,000.

Halafu nikaona rubani mwenyewe kavaa parachuti mgongoni. Sasa dereva akivaa ya kurukia wewe abiria ufikirie nini? Kumbe ndio utaratibu, na mimi pia nilikuwa nimevalishwa moja nikidhani ni mto wa kuegemea, manake chini walinieleza haraka haraka ati kukitokea kitu utoke nje uvute hiki kishikio cha chuma. Utoke nje! Wallahi kuanzia hapo mkono wangu haukutoka kwa hicho kishikio, mpaka mwalimu mmoja akanipigia kelele nikiachie, ukikivuta kwa bahati mbaya ndani ya ndege mlango ukiwa wazi hicho kitambaa kitatoka na wewe.

Baridi nayo hawaambii watu. Hewa inapoa kama digrii 2 kila futi 1,000, kwa hivyo chini mmeacha 30 mnatokwa jasho, juu mnafika kwenye 10 na ndugu yetu wa Nairobi kaja na kaptura ya beach.

Sasa Mhariri naingia kwa jambo lenyewe na samahani kama unasoma ukila. Asubuhi ile mimi mwenyewe ndiye niliyewapitisha kwa mama mmoja wa mahamri na mbaazi, bwana akala sahani mbili akafuta na tui lote. Chini hakuna shida. Lakini ukipanda, hewa ya nje inapungua nguvu, na ile ya tumboni inavimba, kufika futi 10,000 inataka nafasi zaidi kwa asilimia 40 na kitu, na nafasi ndani ya mtu aliyekazwa mikanda kiunoni haipo. Lazima itafute njia. Tulipopita futi 6,000 ikapata.

Hakuna aliyesema kitu. Injini inanguruma hivyo sauti haikusikika, lakini habari zilifika kwa wote. Rubani akageuka akanitazama mimi. Mimi! Kwa sababu ndiye mgeni asiye na kazi. Mzungu wa ndevu, ambaye ndiye aliyepakata chanzo, akafumba macho kwa upole kabisa wa mtu aliyezoea, akanyoosha mkono akauvuta ule mlango wa plastiki unaopanda juu kama shata la duka ili upepo uingie. Bibi hajui habari ya kupunga hewa, alichoona ni mlango umefunguka tu, akajua saa imefika, akapiga ukelele nikausikia juu ya injini. Mwalimu wake akawa anamwambia kwa ishara bado, bado, ni harufu tu, na kwa miwani ile alikuwa anajaribu kuonyesha harufu kwa vidole.

Na si Diani tu. Warukaji wanasema kila nchi ni hivyo hivyo, mlango kufunguliwa katikati ya safari ni jambo la kawaida. Tena msiniambie haya si ya kuandikia mhariri, madaktari wawili Marekani, Paul Auerbach na York Miller, walipanda milima ya Colorado wakaona matumbo yamewachachamalia, mwaka 1981 barua yao ikachapishwa kwa jarida la kitabibu. Mimi wa tuktuk ni nani ninyamaze.

Juu kabisa ndio wakaanza kufungana. Njoo nyuma, zaidi, panda mapajani, ndoano 4, mbili mabegani na mbili kiunoni, zinakazwa mpaka mtu aseme ngh. Wakapeana mikono na kugonganisha ngumi, nikadhani wanaagana kabisa, kumbe desturi. Mimi nikapewa ya pole, eti maskini huyu atatua na ndege, kwao hiyo ndio hatari. Mwalimu akachungulia nje, akapiga kelele rubani apunguze injini, bibi akafunga macho akaenda zake bila neno. Bwana akafika mlangoni, ameambiwa mikono aikunje kifuani, akaupeleka mmoja kwa mguu wangu. Nilivyoshikwa! Yule wa ndevu anamtoa kidole kimoja kimoja, kidole cha tatu kikitoka cha kwanza kimerudi, mimi huku nasukuma na mguu wa pili. Wakaenda. Mwanao peke yangu na rubani, mlango wazi, hewa safi.

Tukashuka kwa kuzunguka, nimemeza mate mpaka yakaisha kwa sababu ya masikio, nikakimbia kuchukua tuktuk niwafuate ufukweni. Bwana alitua kwa matako vizuri tu. Bibi akapanda tuktuk, akaweka begi pale pa mumewe, akamwambia, wewe utakuja na ya pili.

Ombi langu ni mumtume mwandishi apande akae pale kwa kona yangu, asiruke, aandike. Na wanaouza hizi safari waweke kwa karatasi yao, juu kabisa, vaa suruali ndefu na asubuhi kula chai na mkate. Mwandishi akifika Ukunda anitafute stendi, nitampeleka bure, ila kwa mama wa mbaazi hatusimami mpaka tukitoka.

Dereva wa tuktuk,
Ukunda, Kwale