Jiometri ianze na nukta, si na kanuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ufundishaji wa jiometri. Juzi binti yangu wa darasa la tano alinikariria kanuni ya eneo la pembetatu bila kujikwaa, lakini nilipomuuliza tofauti ya mstari, usio na mwisho, na kipande cha mstari, chenye ncha mbili, alibaki ananitazama. Alama ya wino daftarini aliiita nukta, ilhali Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, yapata mwaka 300 KK, alikwishaeleza kuwa nukta haina sehemu na mstari hauna upana, hata penseli iwe butu kiasi gani.

Mwalimu asiye na mkebe wa hisabati anaweza kuwatoa wanafunzi uwanjani na vigingi na uzi, kama afanyavyo fundi mwashi anapopima msingi: kigingi kinasimama badala ya nukta, uzi uliokazwa ni kipande cha mstari, na uzi wa pili ukifungwa kwenye kigingi kilekile, pembe inajitokeza yenyewe. Fundi huhakikisha pembemraba (pembe ya nyuzi 90) kwa kupima futi 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na 5 kati ya alama hizo. Bapa, yaani uso ulio sawasawa, linaweza kungoja wiki inayofuata.

Mzazi,
Morogoro